Kasoro ya almasi na dira ya ami yangu

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na sababu si nyengine ila kazi. Leo sitaandika habari za simu mpya wala za lugha ya kuandikia programu. Nataka kuwaletea historia, na historia yenyewe inaanzia kwenye kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Kwa hivyo vuteni viti, maana ni ndefu kidogo.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya mashua za uvuvi. Kazi yake ilikuwa rahisi. Mvuvi anaweka alama mahali palipo na samaki, na siku nyengine mshale kwenye kioo cha simu unamrudisha papo hapo, hata kama hakuna mtandao. Mezani kwangu mshale ulifanya kazi barabara. Nikashuka nao Bandari ya Kale pamoja na ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi kabla magoti hayajamkataza, tukapanda mashua ya jamaa yake mmoja. Nikakaa nyuma karibu na injini. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mshale ulianza kuyumba, mwisho ukatulia ukituelekeza Nyali, ilhali sisi tulikuwa tunautaka mlango wa bahari!

Ami akacheka mpaka akatoa kofia. "Mwanangu, hiyo dira umeiweka juu ya chuma. Sumaku ina jicho la tamaa, ikiona chuma karibu haitazami tena kaskazini."

"Ami, si dira, ni simu," nikamwambia.

"Ndani yake mna nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu ndani yake mna dira. Simu nyingi za kisasa zina kijichipu kinachopima sumaku ya dunia, na programu yangu ilikuwa inakiamini bila kukiuliza. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini usiku sikulala vizuri. Mvuvi aliyeko nje ya miamba magharibi imeingia hafanyi mchezo na mshale. Ukimdanganya kwa nyuzi 40 akiwa na mafuta ya kurudia mara moja tu, umemweka pabaya.

Nikaanza kusoma juu ya vipima sumaku, nikitafuta kilicho bora zaidi duniani nione kama kingeniokoa. Utafutaji huo ndio ulionifikisha kwenye almasi. Lakini tusiruke, tuanze mwanzo.

Dira ya sumaku ilikuwa inajulikana katika Bahari ya Hindi kabla Vasco da Gama hajafika hapa Mombasa Aprili 1498. Manahodha wa bahari hii walisafiri kwa pepo za kusi na kaskazi na walitegemea nyota zaidi ya kitu chochote. Dira ilikuwa msaidizi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar upande wa Ghuba, aliandika juu yake mwishoni mwa karne ya 15. (Kwa wale waliofundishwa shuleni kuwa huyu ndiye rubani aliyempeleka da Gama India kutoka Malindi, wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali hilo.) Kitu muhimu ni kuwa watu wa baharini walijua tangu zamani kwamba sindano hii si malaika, ina makosa yake.

Makosa hayo ni mawili. La kwanza, sindano haionyeshi kaskazini ya kweli. Inafuata sumaku ya dunia, nayo huachana na kaskazini ya kweli kwa kiasi kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali na kutoka mwaka hadi mwaka. Hapa Mombasa pengo hilo ni dogo, lakini kuna pande za dunia ambako ni kubwa sana. La pili ndilo lililonipata mimi: chuma kilicho karibu huivuta sindano.

Kosa la pili lilichunguzwa vizuri kwenye pwani hii yetu. Mwaka 1538 Mreno João de Castro alikuwa safarini kutoka Lisbon kwenda Goa, akipima dira kila alipopata nafasi. Alipokuwa Msumbiji akaona vipimo vyake havikubaliani, na baada ya kuchunguza akagundua ni chuma cha mizinga ya jahazi lake mwenyewe. Akisogea mbali na mzinga, sindano inarudi. Unaweza kulirudia jaribio hilo leo kwa simu yako. Nenda Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, fungua dira ya simu, kisha usogee polepole kwenye mzinga wa chuma. Mimi nilifanya hivyo, na watalii wakaniangalia kana kwamba nimepotea ngomeni!

Kosa la kwanza nalo lina kisa kizuri zaidi. Kati ya 1698 na 1700 Mwingereza Edmond Halley, yule wa kimondo, alizunguka Bahari ya Atlantiki kwa jahazi liitwalo Paramore akipima pengo hilo la dira kila mahali. Mwaka 1701 akachapisha ramani yenye mistari inayounganisha mahali penye pengo sawa. Hebu fikirini. Kitu ambacho mabaharia walikilaani kuwa ni udhaifu wa dira, sasa kikawa ni habari. Ukijua sindano inakosea kwa kiasi gani, unaweza kukisia uko wapi. Mjukuu wa ramani hiyo yumo mfukoni mwako sasa hivi. Anaitwa World Magnetic Model, hutengenezwa na taasisi za Marekani na Uingereza, hupigwa upya kila miaka 5, na toleo la mwisho lilitoka Desemba 2024. Simu hulitumia kusahihisha dira yake bila kukuambia.

Kosa likishajulikana, huwa kipimo. Wekeni neno hilo pembeni, tutalihitaji tukifika kwenye mawe.

Nilipoanza kusoma habari za almasi nilikwenda kwa sonara mmoja hapa Mji wa Kale, mtu mzima anayefahamiana na marehemu babu yangu. Nilimwuliza almasi nzuri ni ipi. Akaniambia anaweka kioo cha kukuzia jichoni, anatafuta doa, ufa au wingu ndani ya jiwe. Kila doa linapunguza bei. Nikamwuliza, je, kuna anayenunua doa? Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha.

Kumbe wako wanaonunua! Na hata wafalme wamewahi kuvaa kasoro bila kuiita hivyo. Mwaka 1940 Mkanada mwana jiolojia aitwaye John Williamson aligundua mgodi wa almasi Mwadui, kusini mwa Ziwa Viktoria huko Tanzania, iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Oktoba 1947 likaokotwa huko jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi yake, likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya ua la bruchi lililotengenezwa na Cartier. Almasi safi kabisa haina rangi. Almasi nyingi za waridi zilipata rangi yao kwa sababu fuwele ilipindwa na mgandamizo ndani ya ardhi, atomi zikateleza kutoka mahali pake. Kwa maneno mengine, rangi ile iliyolipa jiwe thamani yake ni kovu.

Kasoro ninayotaka kuwaeleza leo ni nyengine, ni ndogo zaidi kuliko kovu hilo, na historia yake nayo ina mlango wa Afrika. Mwaka 1965 mtafiti L. du Preez aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Alizipiga almasi kwa mnururisho kisha akazipasha moto, akaona mstari wa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 637 ambao haukuwepo mwanzoni. Mwaka 1976 Davies na Hamer huko London wakaeleza umbo la kasoro inayotoa nuru hiyo.

Umbo lenyewe ni hili. Chukueni bao la kete. Almasi ni bao ambalo kila shimo lina kete moja ya aina ile ile, yaani atomi ya kaboni. Sasa shimo moja limewekwa kete ya aina nyengine, atomi ya nitrojeni, na shimo la jirani yake liko tupu. Basi. Nitrojeni na pengo kando yake. Elektroni zilizobaki kwenye pengo hilo haziwezi kutoroka, kwa sababu kaboni zilizowazunguka zimeshikana vikali sana. Elektroni hizo zinakuwa kama kisumaku kidogo mno kilichofungiwa ndani ya sanduku gumu lenye kuta za kioo.

Na kisumaku hicho unaweza kukisoma kwa macho. Ukiimulika almasi kwa leza ya kijani, kasoro hung'aa nyekundu. Ukiipiga pia kwa maikrowevu ya gigahertz 2.87, jirani tu wa ile gigahertz 2.4 ya Wi-Fi yako, wekundu unafifia. Sasa leta sumaku karibu. Ile sehemu moja ya kufifia inagawanyika kuwa mbili, moja juu na moja chini ya 2.87. Kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, ndivyo hizo mbili zinavyoachana. Sumaku ikiwa imelingana na mhimili wa kasoro, kila mikrotesla moja inazitenganisha kwa kilohertz 56 hivi. Sumaku ya dunia yote iko kati ya mikrotesla 25 na 65, kwa hivyo hesabu yake inafanyika vizuri. Na kwa kuwa kasoro hizi hukaa katika pande nne ndani ya fuwele, ukizisoma zote unapata nguvu ya sumaku na upande inakoelekea pia. Hiyo ni dira kamili ndani ya punje.

Kwa nini wanasayansi wameishangilia? Nitataja mambo mawili. Kwanza, inafanya kazi kwenye joto la kawaida. Kuna vipima sumaku vyenye hisia kali vinavyohitaji heliamu ya maji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Hebu nenda ukatunze kitu hicho Kibokoni mwezi wa Februari! Pili, namba ile ya kilohertz 56 haitoki kiwandani. Inatokana na elektroni yenyewe, na elektroni ni ile ile popote. Kijichipu cha simu kinahitaji kusahihishwa kila mara. Kipima cha almasi kina rula ya kuzaliwa nayo.

Ilichukua muda kufika hapo. Mwaka 1997 kundi la Chemnitz, Ujerumani, lilifanikiwa kuona kasoro moja peke yake na kuisoma kisumaku chake. Mwaka 2008 makundi ya Harvard na Stuttgart yakaonyesha kuwa kasoro moja inaweza kupima sumaku iliyo karibu nayo kwa umbali wa nanomita. Mwaka 2021 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walipeleka kipima cha almasi walichokijenga wenyewe, OSCAR-QUBE, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikapima sumaku ya dunia kutoka huko juu. Nasema tena, wanafunzi. Na almasi hizi si lazima zichimbwe. General Electric walitengeneza almasi kiwandani tangu Desemba 1954, na siku hizi zinaoteshwa kutoka kwenye gesi. Kisha hupigwa kwa elektroni ili kutoboa mapengo, na hupashwa moto wa nyuzi 800 hivi ili mapengo yatembee mpaka yakutane na nitrojeni. Watu wanalipa fedha ili jiwe lenye usafi litiwe doa!

Kuna matumizi mengine yaliyonifurahisha kama mwandishi wa programu. Mwaka 2020 watafiti wa University College London walitumia vumbi la almasi zenye kasoro hii kwenye kipimo cha karatasi, kama vile vya mimba, wakatafuta vinasaba vya virusi vya Ukimwi. Tatizo la vipimo vya kung'aa ni kuwa karatasi yenyewe nayo hung'aa kidogo, ikazamisha dalili ndogo. Lakini karatasi haijali maikrowevu. Almasi inajali. Basi wakawasha na kuzima maikrowevu kwa mdundo maalumu, na wakahesabu tu ile nuru inayocheza na mdundo huo. Hisia ya kipimo ikapanda hadi mara 100,000 kuliko chembe za dhahabu zinazotumika kawaida. Huo ni uchujaji wa ishara, jambo ambalo wengi wetu tulilisoma chuoni tukidhani ni la redio peke yake.

Na nuru yenyewe je? Hapa tuko kwenye mji unaoijua. Mwaka 2009 mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilitia nanga Mombasa, na nchi nzima ikaacha kubanana kwenye setilaiti. Habari ndani ya mkonga husafiri kama mipigo ya nuru, na njiani hutiwa nguvu upya kila baada ya masafa. Lakini habari ya kikwanta haiwezi kunakiliwa, hivyo vile vyombo vya kuongeza nguvu havifai. Inatakiwa kituo cha njiani kinachoweza kuishika habari bila kuichungulia, na kasoro za almasi ni miongoni mwa vitu vinavyotarajiwa kuwa vituo hivyo. Mwaka 2000 watafiti wa Munich waliifanya kasoro ya nitrojeni itoe fotoni moja moja. Mwaka 2015 watu wa Delft, Uholanzi, waliunganisha kasoro mbili zilizo umbali wa kilomita 1.3. Mwaka 2024 kundi la Harvard lilifanya kama hayo kupitia kilomita 35 za mkonga ulio chini ya mitaa ya Boston, na wao walitumia kasoro ya silikoni badala ya nitrojeni. Sababu ni kwamba karibu asilimia 3 tu ya nuru ya kasoro ya nitrojeni ndiyo iliyo safi vya kutosha kwa kazi hiyo. Kasoro nayo ina kasoro, na fundi huchagua ile inayomfaa.

Haya, turudi kwenye mashua. Nilipomaliza kusoma yote haya nilikwenda kwa ami nikiwa na furaha. Nikamweleza kuwa iko dira ya almasi inayoweza kuja kusaidia vyombo siku GPS ikivurugwa. Si jambo la kubuni, maana Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakasema mawimbi ya GPS ya eneo hilo yalikuwa yamevurugwa. Ami alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akauliza swali moja.

"Na ukiiweka juu ya injini?"

Wadau, hapo nilishikwa. Maana jibu ni kwamba itakosea vile vile. Tena itaihisi injini vizuri zaidi kuliko simu yangu! Almasi hupima sumaku iliyopo mahali ilipo. Haijui ipi ni ya dunia na ipi ni ya chuma cha mashua. Kujua hilo ni kazi ya anayeisoma. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima nikitafuta kipima bora, na tatizo langu halikuwa kipima.

"Sasa mlikuwa mkifanyaje?" nikamwuliza.

"Tukiizungusha. Chombo kikipata injini mpya, tunakwenda mahali tunapouona mnara na ngome, tunakizungusha duara polepole. Kila upande unaandika dira imekosea kiasi gani. Ukiwa baharini unatoa lile kosa. Sasa nyinyi wa kompyuta hamna kalamu?"

Kosa likishajulikana, huwa kipimo. Halley alijua, du Preez alianza nalo bila kujua litafika wapi, na ami yangu alikuwa nalo kwenye daftari. Jiwe la Mwadui lilipanda meli likaenda zake, na hilo limekwisha. Lakini maarifa ya kusoma kosa hayahitaji mgodi. Yanahitaji mtu akubali kwanza kuwa chombo chake kinakosea, kisha akae ahesabu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Bandari ya Kale. Simu ikafungwa kwenye kibao mbele ya mashua, mbali na injini. Tukatoka mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, tukazunguka duara mbili, ami akitaja alama za nchi kavu na mimi nikiandika. Programu sasa ina jedwali la makosa la kila mashua, na mwenye mashua hulipiga upya mwenyewe kwa kuzunguka duara moja. Simu ikitolewa kwenye kibao chake, mshale unajizima na maandishi yanatokea: "Dira haiaminiki hapa."

Maneno hayo ni ya ami. Mimi nilitaka kuandika "Hitilafu namba 3". Akasema mvuvi hana haja na namba, ana haja ya kuambiwa ukweli.